Maji ya Mtaro Alimwagia Wifi, Magoti Nikapiga Mimi

Admin, jina langu lisionekane popote, maana Kigali hii kila mtu ana shangazi anayemjua mwenzake. Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili. Nilikulia Tanzania kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachonitoka vizuri nikiwa na hasira. Leo ninazo za kutosha.

Familia ya mume wangu ina shamba dogo la mboga bondeni, chini ya Kagarama. Hatupeleki sokoni. Kila msimu nyumba kama arobaini zinajiandikisha mapema, halafu kila Jumamosi zinapata kikapu cha kilichokomaa wiki hiyo: dodo, yaani mchicha wa huku, karoti, nyanya chungu, maharage mabichi, majani ya saladi. Msimu ukifunguliwa wanachama wanakuja shambani, na sisi wenye shamba tunakula mavuno ya kwanza mbele yao, ndipo wao wachukue. Desturi hiyo aliianzisha mama mkwe, na ndiyo iliyofanya watu watuamini.

Kiangazi cha mwaka juzi nilijifungua kwa upasuaji. Kazi ya kumwagilia ni yangu, nikamwachia wifi, mdogo wake mume wangu. Kijito kilikuwa kimekauka, ikabidi maji yatolewe kwenye tangi juu ya kilima. Wifi akaona kupanda kilima ni adhabu. Akachota maji ya mtaro unaoshuka kutoka kwenye nyumba za watu, akamwagia saladi, saladi ambayo watu wanaila mbichi. Watoto wa nyumba tatu wakaharisha, mmoja wa Kanombe akalazwa siku nne. Tunamshukuru Mungu alipona.

Wanachama wakataka kujua nani kafanya vile. Nikiwa bado na nyuzi tumboni, wifi akanitumia sauti WhatsApp, analia: "Ni mimi nilimwangia maji ya mutaro, nilichoka kupanda. Tafazali usiseme. Bakijua, ile familia haitaleta ng'ombe." Posa yake ilikuwa imebaki wiki tatu. Kesho yake akaja mama mkwe, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono. Akaniomba niwaambie wanachama kwamba mimi ndiye niliyeagiza maji yale yatumike.

"Mukazana wangu, muke ya mtoto wangu, wewe iko na bwana na watoto, hakuna mwenye atakurudisha kwenu. Huyu bado. Beba hii jambo. Ndoa ikipita, mimi mwenyewe nitasema ukweli."

Nikabeba. Nilikuwa mjinga, na niliwapenda. Nilisimama mbele ya wanachama na mtoto wa wiki mbili mgongoni, nikasema ni mimi niliyeagiza. Nikapiga magoti mbele ya yule mama wa Kanombe. Hakunitukana, angenitukana ningepumua. Aliniambia asante kwa kusema kweli, kisha akamvuta mtoto wake upande wa pili, mbali na mimi. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu na vikapu, anajifuta machozi.

Ng'ombe wakaja, harusi ikapita, masufuria nikabeba mimi. Nikamkumbusha mama mkwe ahadi yake. Akasema tusubiri kwanza binti ashike mimba, ndoa ikae. Mimba ikaja, akasema tusubiri ajifungue. Amejifungua, sasa tunasubiri mtoto akue. Wakati huo wifi ndiye amekuwa bosi wa shamba. Mimi napanda miche, napalilia, nachimba, lakini Jumamosi ya vikapu naambiwa nikae nyumbani, eti wanachama wakiniona wanakumbuka. Mwezi uliopita nilichelewa kuondoka, wakanikuta nafunga dodo. Wifi akaja na glovu za mpira, akaniwekea mkononi mbele ya watu wote.

"Vaa hizi, dada. Watu wanaangalia mikono yako."

Nikazivaa. Mama mkwe alikuwepo, akaendelea kuchambua maharage. Kweli shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda huwa hakuombi kwanza umbebee mzigo.

Jumamosi hii msimu unafunguliwa. Wifi ndiye atakayesimama kula wa kwanza na kuwahakikishia watu kwamba shamba letu ni safi. Ile sauti bado ninayo, sijaifuta hata siku moja, na spika nimeshaazima kwa fundi mmoja wa Sonatubes. Mume wangu nimemweleza yote. Hakubisha, ila aliniambia wanachama wakijua kwamba familia nzima iliwadanganya, hakuna atakayejiandikisha tena, na mama yake hana kingine duniani zaidi ya lile shamba. Najua ni kweli. Hata watoto wangu wanakula kutoka pale. Lakini ninapomfikiria wifi anatafuna saladi mbele ya watu huku anatabasamu, moyo wangu unacheka kwa kile nitakachomfanyia. Nataka aone watu wakivuta watoto wao.

Jana jioni mama mkwe alikuja kwangu peke yake. Mume wangu alikuwa amemweleza. Alipiga magoti sebuleni, mtu mzima wa miaka sabini, mwenye presha, mbele yangu mimi mkwe wake. Ninyi mnaojua mila mnajua hilo ni zito kiasi gani, mkwe anatakiwa kukimbia kumwinua.

Sikumwinua. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama, mpaka akainuka mwenyewe kwa kushika ukuta, akaondoka.

Tangu jana najiogopa, lakini hasira haijapungua hata kidogo. Ndugu zangu, Jumamosi ni keshokutwa, nishaurini nifanye nini. Na wewe unayetaka kuniandikia nisamehe, kwanza niambie nani atakwenda Kanombe kumwambia yule mama kwamba siyo mimi.