Zuhura, kipande chako walikikata wao, si bodi

Mpaka leo simu ikilia nadhani ni Zuhura. Kaburi nimeliona, nimelia hapo hapo juu yake, na moyo bado haujakubali.

Kwa msiomjua: Zuhura ndiye dairekta wa ile filamu iliyopigwa hapa kwetu Bagamoyo, mimi nikaigiza mama. Si mwigizaji mie. Aliniona kwenye shughuli ya jirani namgombeza mwanangu Rukia mbele za watu, akasema huyu ndiye ninayemtafuta.

Filamu yenyewe ni ya binti ambaye baba yake mdogo anamshikashika. Anaogopa kusema, mwisho anamwambia mama yake.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu mambo ya mwili mama hamwambii mwanawe. Kuna somo wake wa kumfunda, kuna bibi, kuna shangazi. Mama unaona haya. Kamera ikiwashwa, mimi kimya.

Zuhura hakunikaripia. Alileta ungo wa mchele akauweka kati yangu na yule binti. Akaniambia, "Dada Mwanaidi, usimtazame usoni. Wewe chambua mchele, sema huku unachambua."

Nikachambua. Yakatoka yote. Ni nani, wapi, tangu lini, na wewe huna kosa mwanangu. Kamera iliposimama binti analia kweli, nami nalia, na mawe niliyoyatoa nimeyarudisha kwenye mchele. Zuhura akasema utapikwa hivyo hivyo. Tukaula na vijiwe vyake, anatafuna huku anacheka.

Sasa sikilizeni.

Studio yake ilishanunuliwa na kampuni kubwa ya Dar. Wanaiita kampuni mama. Mimi nimezaa wanne, sijaona mama wa kumziba mwanawe mdomo.

Kazi ilipokwisha wakamwambia bodi ya filamu ya serikali imekikataa kipande cha mchele. Kikibaki, filamu itakuwa ya watu wazima tu, na televisheni haitaichukua. Wakakitoa. Kwa hiyo binti anaingia ndani analia, mara tuko harusini. Mtazamaji hajui kalia nini. Na Zuhura aliitengeneza kwa ajili ya mabinti kama huyo.

Nikailaani bodi mie, Mungu anisamehe.

Zuhura akaenda mwenyewe kuuliza. Nikamsindikiza, maana presha yake ilikuwa haitulii na dawa anasahau, mpaka umuulize umekula, umemeza. Dada wa pale bodi akatupokea vizuri. Akatuambia wao waliipitisha nzima, miaka kumi na tatu kwenda juu, mtoto aangalie akiwa na mzazi. "Hakuna tulichosema kikatwe," akasema. "Hicho kipande tulikiona, tukakiacha."

Tukatembea mpaka kituo cha daladala. Hapo Zuhura akaniambia, wameogopa wenye matangazo, dada, wakasingizia serikali.

Tukaenda ofisini kwa hiyo kampuni. Bosi wala hakukana. Akasema mama wa Pwani hawezi kuongea vile na binti yake, si uhalisia. Nami nimekaa pale pale mbele yake, mama wa Pwani mzima na baibui langu.

Zuhura akamjibu taratibu, "Ndiyo maana nikatengeneza filamu, bosi."

Wiki haikuisha, studio ikabadilishwa kitasa. Vitu vyake vya editing vyote ndani. Akarudi Miono kwa mama yake, chakula hagusi, akipokea simu anauliza kipande kimerudishwa? Huko ndiko alikoanguka.

Sisemi mmemuua, nyie wa kampuni. Kifo kimeandikwa na presha alikuwa nayo. Nasema mlimdhulumu, na hilo mtalijibu wenyewe.

Hatujamaliza hata kumuosha, mshaweka picha yake kwenye ukurasa wenu, kichwa wazi, eti familia yetu imepoteza nguzo. Familia ipi? Mama yake hamjui hata anaitwa nani.

Mkaleta na shada la maua lenye nembo yenu, mkalisimamisha mlangoni kwenye msiba wa Kiislamu. Mjomba wake akalitoa kwa adabu akaliweka uani. Mbuzi ndio waliolifaidi.

Halafu juzi mnanipigia. Mnazindua filamu kumuenzi marehemu, nije niseme machache kama mama wa kwenye filamu. Nikauliza kitu kimoja tu, kipande cha mchele kimo?

Kijana wa watu akababaika, akasema, "Mama, hilo ni suala la management."

Basi na waje hao management waseme hayo machache. Mimi siji. Hamwezi kumwita shujaa kwenye kipaza sauti na alichokipigania mmekifungia kabatini. Na mtu akiwaambia tena bodi ndiyo iliyokataza, mwambieni Mwanaidi alikuwepo.

Mama wenzangu, itaonyeshwa, najua, na mtaiangalia na watoto. Pale binti anapoingia ndani analia, zima televisheni. Mgeukie mwanao, umuulize kuna mtu anakushika? Ni nani, wapi, tangu lini. Umwambie hana kosa. Hicho ndicho walichokitoa. Ukishindwa kumtazama usoni, shika kazi mkononi, usitazame, lakini useme.

Mimi nimeshamuuliza Rukia. Akasema hakuna, mama, lakini kuna rafiki yangu shuleni. Jana nimekwenda kuonana na mama wa huyo rafiki, na tumeshafika panapohusika. Siandiki zaidi, mtoto wa watu.

Zuhura mdogo wangu, umeona? Kimefika bila wao.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akutilie nuru. Pumzika sasa. Ugomvi niachie mimi.