Siku Niliyofumua Mikono ya Gauni la Ghati

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, saa nne jua likatoka kali.

Mwanangu unayejifunza cherehani, ipo siku moja haijanitoka kichwani hadi leo. Sina hakika kama nitaieleza vizuri, maana niliishia darasa la saba na kalamu kwangu ni nzito kuliko sindano.

Nilikuwa msichana, najifunza ushonaji kwa Mama Robi hapa Nyansurura. Ghati wa kijiji cha Nyambureti alikuwa anaolewa kesho yake. Satini ya gauni mama yake aliifuata mpaka Sirari, na hakikubaki hata kipande. Mama Robi akaniachia nipachike mikono, akatoka. Nikapachika wa kushoto kulia, wa kulia kushoto! Nilipogundua, nikashika wembe nifumue kabla hajarudi. Haraka haraka haina baraka: wembe ukateleza, ukatoboa satini karibu na kwapa.

Niliwaza kusingizia panya, sitakudanganya. Lakini alipoingia nikamwonyesha.

"We Bhoke, wembe ni wa kunyoa. Gauni hili lina ndevu?"

Wanafunzi wenzangu wakacheka. Mimi nikalia.

"Usililie hapo, satini inashika madoa. Sogea."

Akatoa kifumulio, kile kijiti cha kufumulia nyuzi chenye ncha mbili, moja ndefu na kali, nyingine fupi yenye kitone chekundu cha kuzuia isichome nguo.

"Ncha ndefu ipite chini ya uzi, usukume taratibu mpaka ufike kwenye makali yaliyo katikati ya ncha mbili. Kata hapo, ruka mishono mitatu, kata tena. Kisha geuza, vuta uzi wa chini."

Nikavuta. Uzi ukatoka mzima kama utumbo wa kuku. Mikono tukaipachika upya, ndani kidogo, tundu likamezwa na mshono. Hiyo ilikuwa akili yake, si yangu. Haki yake nampa.

Kesho yake Ghati alitoka kanisani, wanawake wakamvuta kucheza. Akanyanyua mikono yote miwili juu kabisa. Nikafumba macho. Nilipofumbua, gauni limetulia, vigelegele vimejaa uwanja.

Mama yake akauliza, "Nani kashona mikono hii?"

Mama Robi akanisukuma mbele. "Huyu hapa. Kaishona mara mbili!"

Wakacheka, mama yake Ghati akanikumbatia, na wiki ile wanawake watatu wakaleta vitambaa wakinitaka mimi. Nilitembea kama dume la ng'ombe lililoshinda pambano.

Sasa, mwanangu, wanasema mchagua jembe si mkulima. Kwa kifumulio mimi nakataa. Chagua chenye mpini unaojaa vidoleni na ncha isiyotikisika. Kijaribu kwenye kipande kibovu. Kikitaka nguvu, kiache. Hata chako cha siku zote kikiwa butu, kitupe, maana ukilazimisha utachana. Wembe nao siulaani: kwenye magunia Mama Robi mwenyewe aliutumia. Labda yupo anayeuweza hata kwenye satini, mimi sijamwona. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna wa kukusaidia. Kufumua si aibu. Aibu ni kumvisha mtu kosa lako.

Mungu aipe mikono yako utulivu, na kila utakayemshonea acheze bila hofu.

Jioni tumekula ugali wa mtama, mgagani na maziwa mgando.