Mgeni Akibisha, Sote Tunanyamaza

Watoto walimwita Mwalimu Gundi kwa sababu vidole vyake havikuwahi kukauka gundi. Wazazi wao wakalichukua jina hilo na kulipa maana yao wenyewe: huyu akikushika, haachi. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia moja ambayo hakuzaliwa nayo. Hakuamini neno la mtu mpaka aligonge kwanza, kama mnunuzi anavyogonga tikiti asikie limeiva au la.

Tabia hiyo aliipata kwenye ndoa. Mume wake alikuwa mtu wa safari za kikazi, leo huku, kesho kule, na kila aliporudi shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Shati ndilo lililomfumbua macho mkewe. Mtu aliyetoka safarini harudi amenyooka hivyo. Kumbe safari zote zilikuwa ni nyumba ya pili, mitaa michache tu kutoka pale. Mume alipohamia huko moja kwa moja, mama yake mzazi aligoma kumfuata. "Mimi nilimzaa, sikumtuma," alisema, akabaki na mkwe wake. Wakaishi wawili hivyo, mwanamke na mama mkwe, bila mwanamume wa kuwaunganisha. Majirani hawakuacha kunong'ona kwamba pale kuna namna.

Muhula ule somo lilikuwa familia. Ukutani palikuwa na picha ya zamani: baba mwenye tai, mama, mvulana, msichana na mbwa mweupe, wote wanacheka. Mwalimu akaielekezea rula, akauliza hawa ni akina nani. Mtoto mmoja machachari, aliyeitwa Waziri kwa kupenda kusimama na kuhutubia, akajibu, "Ni watu wa dawa ya meno."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Kisha akaona mtoto ana haki. Hakuna hata mmoja mle darasani aliyekuwa na nyumba kama ile. Basi akatandika mkeka kwenye kona, akaweka meza ndogo, vikombe vya plastiki na pazia kuukuu, akasema kila mtoto atapata zamu ya kuonyesha nyumbani kwao kulivyo.

Waziri alihitaji nusu ya darasa: bibi, babu, mashangazi, binamu, na bado akalalamika kwamba watu hawatoshi. Mwingine alimweka mama peke yake mkekani, baba akamsimamisha kule mlangoni. "Anaendesha lori," akaeleza. "Akifika hapa tunafurahi, halafu anaondoka." Mapacha wakaigiza mama mkubwa na mama mdogo wakinyimana sufuria. Kila zamu ilipokwisha Mwalimu alisema, "Na hii pia ni familia."

"Na kwako, Mwalimu?" Waziri akauliza. "Kwenu kukoje?"

"Kwetu ni mbali," alijibu, ingawa paa la nyumba yake lilionekana dirishani.

Zamu ikamfikia msichana mmoja mpole, waliyemwita Kinanda kwa sababu alivumisha wimbo puani mchana kutwa. Alichagua mtoto mmoja tu. "Wewe baba," akamwambia. Akavuta kiti kitupu. "Hapa ni mama, yuko kwenye picha." Wakajifanya kula. Kisha akamgeukia Waziri: "Wewe bisha hodi."

Waziri akabisha. Papo hapo Kinanda akaacha kuvumisha wimbo wake. Akamvuta yule "baba" chini ya meza na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Mbona hamfungui?" Waziri akauliza.

"Mgeni akibisha, sote tunanyamaza," Kinanda akanong'ona. "Mpaka aende zake."

Mwalimu akaukunja mkeka. Siku hiyo hakusema kwamba na hii pia ni familia.

Tangu hapo akaanza kumtazama baba wa Kinanda kwa jicho la pembeni. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha ya chuma, pande la mtu, mikono imejaa makovu ya cheche na miwani myeusi kaipandisha kichwani. Alikuja kumchukua mtoto kabla ya wazazi wengine. Hakupiga soga na mtu. Akifika langoni alitazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akauliza swali lake lile lile: "Leo kuna mtu amekuja kumuulizia mtoto?"

Na kulikuwa na masikio. Ya Kinanda yalikunjika kidogo kwa juu, kama ukurasa uliokunjwa pembe. Ya fundi yalikuwa yamenyooka. Mwalimu aliyatazama siku baada ya siku, na kila alipoyatazama aliona yanazidi kutofanana.

"Samahani, Fundi," alimwambia mchana mmoja. "Nilitaka kuuliza habari za mama yake."

"Alishatangulia mbele ya haki."

"Pole sana. Na ndugu za mama, wapo?"

Fundi alimshika mtoto mkono. "Mwalimu, mtoto anajua kuhesabu?"

"Anajua."

"Basi mwongezee herufi. Ya nyumbani tuachie nyumbani."

Jioni alimsimulia mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo. Mama alisikiliza bila kuinua uso. "Mtoto hafundishwi kunyamaza bure," akasema. "Ama anafichwa, ama anamficha mtu."

"Au mimi nimezoea kushuku, mama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Umezoea, ndiyo. Lakini mara ya kwanza ulishuku sawasawa. Mimi ndiye niliyeapa kwamba mwanangu ni malaika." Akatupa kijiwe nje. "Endelea kutazama."

Haikuchukua muda. Asubuhi moja, watoto wakiwa kwenye chai, mlinzi wa lango alikuja darasani akichekelea, nyuma yake mwanamume mwembamba, nadhifu, mwenye sauti laini. Mlinzi hakuwa na haja ya kueleza. Masikio ya yule mgeni yalikuwa yamekunjika kwa juu.

"Mimi ndiye baba mzazi wa yule mtoto," mgeni akasema. "Nimenyimwa mwanangu, Mwalimu. Nimebisha pale kwao mpaka vidole vimeuma. Wanazima hata redio. Naomba nitoke naye kidogo tu, nimnunulie viatu, nimrudishe."

"Tazama, Mwalimu," mlinzi akanong'ona, "shilingi kwa ya pili! Damu nzito kuliko maji."

Mwalimu akahisi kila alichokishuku kimepata maelezo. Kumbe ndiyo maana mtoto anafichwa chini ya meza. Kumbe ndiyo maana ya kutazama kulia na kushoto. Miguu yake ilikwishaanza kwenda kumwita mtoto. Lakini shati la mgeni lilikuwa limepigwa pasi, na ingawa alijua pasi haina kosa, alisita.

"Mtoto akilia," akauliza, "hutulizwa na nini?"

Mgeni akababaika. Halafu akasema taratibu, "Ningejuaje, Mwalimu? Si ndiyo hayo niliyonyimwa?"

Lilikuwa jibu la haki, na likazidi kumchanganya. Akamwambia mgeni angoje ofisini kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mzito asiyependa kelele. Kisha akampigia fundi simu.

Fundi alifika na aproni yake ya ngozi, ananuka chuma kilichoungua. Hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni mwa darasa, Kinanda akamrukia, na mgeni akatoka ofisini kwa haraka. Mwalimu akaushika mkono wa pili wa mtoto.

"Hatoki hapa na yeyote mpaka nielezwe."

"Utanizuia na mwanangu?" fundi akanguruma.

"Nitakuzuia. Na yeye nitamzuia."

Mwalimu mkuu akamchukua Kinanda akacheze na wenzake, yeye mwenyewe akasimama karibu naye uwanjani. Wale watatu wakabaki darasani, wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mahali pengine wangechekana.

Fundi ndiye aliyeanza. "Mwulize mimba ilipoingia alikuwa wapi."

Mgeni aliinamisha macho. "Nilikuwa na mashaka."

"Mashaka! Mwanamke wa watu alikulilia mlangoni. Ukamwambia mimba ina mwenyewe, akamtafute. Leo umeona masikio ndiyo umeamini? Na kama angezaliwa na masikio ya mama yake, je?"

Mgeni akaligusa sikio lake.

"Mimi nilimpokea akiwa tumboni," fundi akaendelea, sauti imeshuka. "Mama yake alipofariki mtoto alikuwa bado anatambaa. Ndugu zangu wakaniambia, mpeleke kwa mwenyewe. Mwenyewe gani? Sasa huyu anakuja kubisha, mtaa mzima unamtazama na kusema ndiye. Mimi sina sikio la kumwonyesha mtu."

Mwalimu alihisi uso unamwaka. Yeye pia alikuwa amepima kwa masikio. Akamgeukia mgeni. "Kwa nini umekuja sasa?"

"Niliwaona sokoni. Yule mtoto alinitazama tu, nikajiona mimi mwenyewe nikiwa mdogo." Akafikicha viganja. "Nina mke. Hatujajaaliwa."

"Ndiyo hivyo," fundi akasema. "Amekosa kwake, anakuja kuvuna kwangu."

"Sikuja kumchukua."

"Ulitaka kutoka naye asubuhi hii," Mwalimu akamkumbusha. "Viatu hununuliwa hata baba wa pili akiwepo."

Mgeni akanyoosha mikunjo ya shati lake. Mwalimu hakumwamini, lakini hakuweza pia kusema ni mwongo. Akamgeukia na fundi. "Na wewe. Mtoto anaingia chini ya meza mtu akibisha. Anadhani kila mgeni ni mwizi. Utamlea hivyo mpaka lini?"

Fundi alitazama mikono yake yenye makovu. "Kwani wewe ungefanyaje?" akauliza, na kwa mara ya kwanza halikuwa swali la ugomvi.

Mwalimu mkuu alimwita afisa wa ustawi wa jamii. Afisa alisikiliza pande zote, akaenda nyumbani, akaenda karakana ya fundi, akaongea na majirani. Mwisho alisema mtoto abaki kwa aliyemlea, na mgeni aruhusiwe kumwona Jumamosi, palepale karakana, mchana peupe, mpaka mtoto amzoee. Jambo moja alimwachia fundi: amwambie mtoto ukweli kwa kinywa chake.

Fundi alishindwa kuanza, akamwomba Mwalimu awepo. Alijikwaakwaa mno: kwamba kuna baba wa kuleta mtoto duniani na kuna baba wa kukaa naye, na mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingine ni wawili. Kinanda alisikiliza akivumisha wimbo wake.

"Ndiye yule anayebisha?"

"Ndiye."

"Sasa mbona tulikuwa hatumfungulii?"

Fundi akachutama mbele yake. "Niliogopa."

"Wewe?" Kinanda alimtazama juu mpaka chini, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyundo inaogopa misumari.

Habari zilikwishatapakaa mtaani, zimeongezwa chumvi. Ikasemwa Mwalimu Gundi ametumwa kuchimba siri za nyumba za watu kupitia watoto. Mama mmoja alimfunga mwanawe breki: "Ukiitwa kwenye ile kona, sema kwetu hakuna mtu." Wazazi wengine walisimama dirishani wakati wa somo, wakijifanya wanasubiri.

Mwalimu aliona hawana kosa. Alikuwa amefungua milango ya wenzake na ya kwake ameifunga. Basi siku iliyofuata alikuja na mama mkwe, akamkalisha mkekani mbele ya watoto na wale wa dirishani.

"Hapa ndipo kwetu," akasema. "Mimi na mama huyu."

"Ni mama yako?" Waziri akauliza.

"Ni mama wa mume wangu."

"Mume yuko wapi?"

"Yuko kwingine."

Waziri alikunja uso. "Sasa ninyi ni nani kwa nani?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Huyu alikuwa mke wa mwanangu. Mwanangu akanipotea, huyu akabaki. Nani mpumbavu wa kutupa kilichobaki?"

Waziri akafikiri kwa uzito wa cheo chake. "Inaruhusiwa," akatangaza. Dirishani mtu alicheka, na wazazi wawili watatu wakaondoka kwenda kazini.

Jumamosi moja Mwalimu alipita karakana. Mgeni alikuwa kwenye benchi, Kinanda akimwonyesha jinsi ya kupanga vipande vya nondo kwa urefu. Shati lake lilikuwa na doa la kutu, na hakuonekana kulijali. Baadaye aliomba kwenda na mtoto mpaka duka la kona kununua biskuti. Fundi alizima mashine. Akatazama barabara kulia na kushoto, kisha akasema, "Nendeni. Upande huu wa barabara."

Wakaenda, mtoto akirukaruka mbele. Fundi akasogea mpaka ukingoni mwa barabara, aproni yake kifuani, Mwalimu ubavuni mwake.

"Unamwamini?" fundi akauliza.

"Sijui."

"Na mimi, uliniamini?"

"Hapana."

Fundi akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. "Hata mimi sikukuamini. Nilidhani yeye ndiye aliyekutuma."

Wote wawili waliendelea kutazama kule dukani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuza macho.