Injini inagonga, na mama ananisubiri Kibuta

Jamani, nimekaa chini kando ya gari nalia.

Leo mama yangu anapasuliwa jicho hospitali, na mimi ndiye wa kumfuata kwake Kibuta, kule Kisarawe.

Nimewasha gari hapa nyumbani Kibaha, injini ikaanza kugonga. Ko! Ko! Ko!

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu kabisa!

Nikamimina oili, nikawasha tena. Ndiyo kwanza ikazidi.

Nikampigia fundi, nikamsikilizisha mlio.

"Dada, zima! Ukilitembeza hilo, injini inakufa."

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeshavaa, nimekaa nje nakusubiri."

Nikashindwa kumwambia. Nikasema, "Nakuja, mama."

Kuna yeyote mwenye gari Kisarawe anipelekee mama hospitali? Nawaombeni sana.