Tairi la Majani

Uvumilivu wangu uliisha kwenye uwanja wa shule, pale mwalimu wa michezo alipomshusha binti yangu kwenye baiskeli mbele ya wenzake. "Mama, mashindano ni ya wavulana. Huyu ataanguka tu." Mnyororo ulikuwa umepakwa mawese, na harufu yake ikanirudisha kwenye mabwawa ya mto Lukuga, siku niliyoshindana na kaka yangu nikiwa msichana.

Kaka yangu aliendesha baiskeli ya mjomba, mimi ya Baba, ndefu mno, mguu mmoja umepita chini ya fremu. Baba alikuwa amesema: atakayetangulia kwenye kivuko ndiye atakayepewa baiskeli ya kuendea sekondari mjini. Katikati ya matete mpira wangu ukapasuka.

"Rudia jikoni kwa mafiga, dada!" kaka akacheka. "Masomo njo yangu, si yako!" Akakata njia ya mkato.

Sikulia. Niling'oa majani mabichi, nikayashindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu, nikapanda tena. Njia ilikuwa tambarare, matope yakinirukia mpaka mdomoni. Mbele nikamwona kaka kule kwenye mkato wake, amezama matopeni mpaka magotini.

"Kaka, nimsalimie nani kwa niaba yako kule kivukoni?"

Nilifika peke yangu. Baba alipiga vigelegele kama mwanamke, mbele ya wavuvi wote.

Asubuhi baada ya binti yangu kushushwa kwenye baiskeli, niliweka malalamiko kwenye meza ndani ya biro ya mkuu wa shule, na sahihi yangu chini: "Citoyen Préfet, ndugu mkuu wa shule, namushitaki mwalimu wako wa michezo kwa kumukatalia mutoto wangu kwa sababu ni mwanamuke. Naomba mutoto arudishwe kwenye mashindano, na mwalimu mwenyewe ashindane naye."