Siku Agar Alipomtukana Mungu Kanisani

Kabla hamjasema Agar alikuwa na wazimu, niwaambie kwanza alikotoka. Nilikuwa jirani yake hapa Kamina, mwaka wa 1949, mumewe Mwenze akifanya kazi ya reli. Watoto wake walizaliwa wazima, wakanyonya, wakacheka, kisha homa ikawachukua kabla hawajatembea. Kila mara nilikwenda naye makaburini. Ikafika wakati watu wakiliona tumbo lake wanageuza macho. Niliwachukia kwa hilo, na mpaka leo sijawasamehe sawasawa.

Mimba ya mwisho ilimlaza kitandani. Uchungu ulipomshika haukumwachia. Hata masista wa misheni wakaanza kunong'onezana. Agar alinibana mkono nusura auvunje, akapiga kelele: «Mungu, ukinitosha hapa, nikatoka mzima, nitakushukuru mbele ya bantu yote!»

Na akatoka! Akatoka na mapasa, yaani mapacha, Kyungu na Kabange, wazima wote wawili, wanalia kama wanaogombana! Siku ile sikuweza kukaa chini.

Basi hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu Baluba, mama wa mapasa huwaimbia wanawe nyimbo za matusi. Anaweza kumtukana yeyote, hata chifu, na anayetukanwa hucheka, maana furaha ya namna hiyo haina adabu. Lakini Florent, katekista wetu, alikuwa amezipiga marufuku. Atakayeimba, hapati komunyo. Agar aliipenda komunyo yake. Ndiyo iliyomshikilia miaka ile yote ya kuzika. Akaahidi kwamba siku ya ubatizo atasema asante kwa maneno ya heshima, basi.

Jumapili ikafika, watoto wakabatizwa. Padri alikuwa mgeni, Kiluba bado hakijamwingia. Akampa Agar nafasi ya kushukuru. Agar akasimama mbele, mtoto mkono huu, mtoto mkono huu. Akafungua mdomo, maneno ya heshima yakamkimbia. Machozi yakamshuka. Halafu, jamani, miguu ikaanza kucheza, na wimbo ukamtoka kwa Kiluba, kwa sauti ya kutikisa mabati! Ninawaandikia kwa Kiswahili:

«Wewe Mungu, masikio yako yalikuwa wapi? Mchelewaji wewe, mkaidi wewe! Unaniliza, unaniliza, kisha unanipa wawili kwa mara moja! Huna haya?»

Nikajua komunyo yake imekwenda, nikatamani kumvuta kwa kitambaa chake arudi kwenye benchi. Padri akamgeukia Florent.

«Huyu mama anasema nini?»

Agar hakuona kitu. Alizidi kucheza, akimtukana Mungu wake huku uso unang'aa, na Kabange amelala usingizi mzito begani. Florent akawatazama wale watoto kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyesoma sala kwenye makaburi ya ndugu zao wote.

«Mon Père,» akamwambia padri, «anaambia Mungu asante. Hakuna asante inapita hii.»

Kisha akapiga makofi, yeye Florent mwenyewe, na akawa wa kwanza kuitikia wimbo.