Fremu ya Kijani ya Rolande

Siku Thérèse, mwenzake wa kazini, alipompeleka kutazama mbio za baiskeli za uwanja wa ndani, Rolande alisahau hata kufunga mdomo. Njia ya mbao ilikuwa imeinuka kwenye kona kama ukuta wa nyumba, na watu wakapita juu yake kwa baiskeli bila kuanguka. Alijisikia kutaka kusali. Mwanamke wa Bukavu, miaka arobaini na kitu, kazi yake kuinua wazee vitandani huku ughaibuni, mtaa wa Etterbeek, na bado juma lililofuata akajiandikisha klabuni.

Mwanzoni klabu ilimwazima baiskeli. Lakini ili ashindane kwenye mbio za klabu za Jumapili ilibidi awe na ya kwake, la sivyo angebaki kuwa mtazamaji. Fremu za kaboni alizitazama dirishani akapita zake. Kwenye karakana ya mitumba Ixelles ndipo alipoiona ya chuma, ya kijani, nyembamba, ambayo mfuko wake uliimudu. Hakudanganywa na rangi. Alikagua viungo kimoja kimoja kama vina ufa, akatazama mahali pa kuingizia gurudumu la nyuma: pamefunguka kwa nyuma, kama inavyotakiwa uwanjani, ili mnyororo ukazwe kwa kulivuta gurudumu. Aliibeba begani barabara ya Chaussée de Wavre nzima huku akitabasamu peke yake.

Kosa lake ni kumwachia tonton Désiré, mdogo wa baba yake na fundi wa kuchomelea, aifunge magurudumu. Jumamosi alipoifuata aliikuta imechomelewa keria pana, imara, ya kubebea gunia zima la makaa.

"Nimekuwekea bure, mutoto yangu," mzee alisema, amejaa furaha. "Vélo bila porte-bagage, batu batasema nini? Utabeba nani?"

Machozi yalimlenga Rolande. Kwao baiskeli isiyobeba ilikuwa aibu ya nyumba, na yeye mwenyewe alikua akisafirisha wadogo zake na ndizi juu ya chuma kama hicho. Angemkemeaje mtu kwa wema?

"Aksanti, tonton. Kesho ukuje uone pahali kwenye nitapanda."

Jumapili mkaguzi aliitazama keria, akatikisa kichwa. Ikiwa nayo, baiskeli haiingii uwanjani. Désiré hakumsikia mkaguzi. Alikuwa ameinua uso kwenye ile kona, kofia mkononi, anawatazama waliokuwa wakipasha mwili moto juu ya baiskeli zisizo na keria.

"Ni pale juu? Wewe?"

"Ndiyo, ni pale, tonton."

Mzee akaazima msumeno wa chuma, akapiga magoti sakafuni na kuikata kazi yake mwenyewe, polepole, asiuguse mwili wa fremu. Ncha zilizobaki akazilainisha kwa tupa, akapitisha kidole gumba kuhakikisha hazitamchuna.

"Bon," alisema, hakumtazama usoni. "Sasa haibebe mutu."

Rolande alianza wa mwisho na hakujali. Kwenye kona aliogopa kweli, akakanyaga zaidi kama alivyofundishwa, na ukuta ukampokea. Chini watu wakawa wadogo. Maisha yake yote hakuwahi kwenda popote bila uzito wa mtu mwingine, na wala hakujua kwamba mwili wake mwenyewe ni mwepesi kiasi hiki.